Mifarishi ya Mama Juani

Kila mwaka, maua ya mforsadi wa karatasi yanapokaribia kufunguka, sisi wa Islamabad wenye wagonjwa wa pumu huwasafirisha. Mama yangu huenda Karachi kwa Mjomba Shaukat, akarudi chavua, ule unga wa maua unaowabana kifua, ikiisha. Mwaka juzi alichelewa kuondoka, akaishia hospitalini na mpira wa oksijeni puani. Tangu hapo kupanga safari ni kazi yangu, kwa kuwa nafundisha botania chuoni na watu wanadhani najua.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mti hupata baridi ya kutosha, kisha joto, ndipo hufungua maua. Mvua huangusha chavua. Jua na upepo huisambaza. Lakini mwaka huu Desemba ilipita kavu, na Januari ikawa na jua la Machi. Maua yakatoka mapema, nami nikamsafirisha Mama mapema. Halafu baridi ikarudi, na mvua juu yake.

Nilienda kukagua mforsadi ulio nyuma ya nyumba. Upande wa ukuta vishada vya maua vilikuwa vimekauka, vimekwisha kumwaga. Upande wa kijito vilikuwa vibichi, vimefumba. Mti mmoja, majira mawili. Vimechelewa tu, au baridi imeviua? Nilipasua kimoja. Ndani kilikuwa kijani, jambo ambalo halikuthibitisha chochote. Ua lililokufa jana nalo huwa kijani. Kipimo cha chavua kilichotangazwa asubuhi ile kilikuwa chini kabisa.

Mama akapiga simu.

"Rushna, huko mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

"Basi imeshasafisha hewa. Narudi. Mifarishi ya kujifunika baridi bado iko vitandani, na huyo mdogo wako ataikunja na unyevu wake."

"Mama, sina hakika."

"Mwalimu wa miti huna hakika, nimuulize nani? Muuza vitunguu?"

Nilitazama kile kipimo tena. "Haya, njoo," nikasema.

Alishuka kwenye treni Rawalpindi, mji wa jirani, mvua ikinyesha, akavuta pumzi ndefu, akacheka. "Unaona? Mlinifukuza bure."

Kesho yake mvua ilikatika na jua likawaka. Niliporudi kutoka chuoni, vishada vya upande wa kijito vilikuwa vinatikisika, na kila kimoja kilitoa kimoshi cha njano. Nilimkuta Wajdan, mdogo wangu, mlangoni.

"Mama yuko wapi?"

"Juu ya paa, anaanika mifarishi kabla ya kuifungia sandukuni. Nimemwambia asubiri, akaniambia nikaoge."

Mama alikuwa amekaa katikati ya mifarishi yake ya pamba, mkono kifuani, hawezi kusema. Vitambaa vyekundu vilikuwa vimepata ungaunga wa njano. Tulimshusha, tukafunga madirisha, nikamshikia inhela. Ilichukua muda kifua kulegea.

"Si uliniambia njoo?" akauliza.

"Kipimo kilikuwa chini, Mama."

"Kilipima mvua hicho, dada," akasema Wajdan.

Niliitikisa inhela, nikamshikia Mama tena.

Jioni baridi ikashuka tena, kali kama ya Januari tuliyoikosa. Mama alitetemeka. "Nileteeni mfarishi." Hatukuweza kuingiza hata mmoja ndani. Tulimfunika kwa makoti: langu, la Wajdan, na la marehemu Baba.

"Kwa hiyo sasa ni baridi au ni joto?" akauliza kutoka chini ya makoti. "Nakaa au naondoka?"

"Unaondoka kesho, treni ya asubuhi."

"Narudi lini?"

Nilichungulia dirishani. Bado kulikuwa na vishada vilivyofumba, sikuweza kujua ni vingapi vilivyo hai. Baridi ikikaa, vitasubiri. Jua likitoka, vitafunguka. Na mawingu yalikuwa yakija na kuondoka.

"Sijui, Mama."

"Basi mpaka ujue, usiniambie njoo," akasema, akalivuta koti la Baba mpaka kidevuni.