Pampu Iliyozoea Maji

Kisa hiki nilipewa na Timiro mwenyewe, mwaka ule wa mafuriko ya El Nino, barabara ya Garissa ilipokatika akakwama kwangu. Mvua inapiga mabati mpaka tunasemezana kwa kupaza sauti, naye ananisimulia kiangazi.

Kiangazi chenyewe kilitangulia mafuriko hayo. Kijijini kwao, upande wa Hagadera, kisima ni kirefu, maji huvutwa kwa injini, na injini haikuwa na dizeli. Lori la kuleta lilivamiwa na majambazi njiani, na dereva wa pili akakataa kutoka. Maji ya watu yalikuja kwa mikokoteni ya punda kutoka kambi ya wakimbizi, ya koo tu. Ya mifugo hakuna. Timiro, mjane, alikuwa amebakiwa na ng'ombe wachache, mbavu nje, wasioweza tena safari ya mto Tana. Akawa anamtazama mdogo wake Diriye, mwenye kuendesha injini ya kisima, kama mtu anavyomtazama daktari.

Ndipo Mwalimu Muriuki, mtu wa Meru aliyefundisha sayansi pale shuleni, akasema mafuta ya kupikia yanaweza kugeuzwa dizeli. Akaagiza spiriti kutoka Nairobi, ikaja na basi, ya kutosha mara moja tu. Akina mama wanaokaanga sambusa Hagadera wakatoa mafuta yao machakavu, pipa likajaa. Mwalimu akayachemsha mpaka yakaacha kulia, ili maji yote yatoke.

Ikabaki pampu ya kuyazungusha yachanganyike na dawa. Rage mwenye duka akaleta yake ya kuvutia mafuta ya taa, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi kama sufuria.

"Hii ndiyo yenyewe," Mwalimu akasema. "Haijawahi kuonja maji. Ni ya polepole, lakini inavuta bila kubembelezwa."

Diriye akacheka. "Mwalimu, hiyo inatema kama mzee mwenye kikohozi. Tuizungushe mpaka lini? Chukua yangu."

Yake ilikuwa ndogo, yenye injini ya petroli, ya kusukumia maji kutoka tangini hadi kwenye hori la mifugo.

"Wewe Diriye," Rage akasema, p ya Kiswahili ikimtoka b, "unaringia hii bambu kuliko bibi."

"Bibi sina."

"Sasa umejua kwa nini."

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Ni kavu?"

"Imekaa juani tangu dizeli iishe. Kavu kama ulimi wangu, wallahi."

Timiro aliuliza kwa Kisomali wanabishania nini, akaambiwa. "Mwambie ng'ombe wangu hawangoji polepole," akasema. Mwalimu akageuka akawatazama ng'ombe, akatazama pampu ya Rage, akakubali ya Diriye.

Petroli kidogo ikakamuliwa kutoka kwenye pikipiki ya Rage. Mwalimu akasogea kando, uso kafunga kikoi, akawa anakoroga magadi makali ndani ya spiriti, ndiyo dawa yenyewe. Moshi wake unachoma macho. Diriye akavuta kamba. Pampu ikanguruma, isivute kitu.

Sasa watu wa kisima wote wanajua: pampu isiyovuta hunyweshwa kwanza. Diriye akaizima, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, mtu akamwekea birika la kutawadhia. Akamimina mdomoni mwa pampu mpaka yakafurika, akafunga, akavuta kamba tena. Ikashika! Watu wakasema mashallah. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyeona kitu. Mkono ule walikuwa wameuona ukifanya vile kila asubuhi.

Mwalimu akaja na dawa, akamimina. Mafuta yalianza kuzunguka, rangi ya chai, kisha yakawa meupe, kisha mazito. Pampu ikalia, ikanyamaza. Mwalimu akachomeka fimbo katika pipa. Ikasimama wima.

"Maji yametoka wapi?"

Diriye bado alikuwa na birika mkononi. "Nimeinywesha. Kidogo tu."

Mwalimu akaketi chini mchangani. "Imekuwa sabuni."

"Tuongeze dawa."

"Hakuna nyingine, Diriye."

"Basi tuchemshe."

"Hairudi."

Rage akajaribu: "Sabuni tumepata, maji ya kuogea ndiyo hakuna." Hata yeye mwenyewe hakucheka.

Watu wakatawanyika. Mwalimu akaenda kujitupa kitandani na viatu vyake. Diriye akabaki anaisugua pampu kwa mchanga.

"Lala, walaal, ndugu yangu," Timiro akamwambia.

"Nikilala, nitaamkia nini?"

Timiro akageukia hori. Ng'ombe wake walikuwa wameisikia ile ngurumo, wakajikokota wenyewe mpaka kwenye hori, kama walivyozoea. Wakasimama kwa safu, wakilamba saruji kavu. Alinyanyuka awafukuze. Awafukuze waende wapi? Akashusha mkono.

Jua lilipozama mmoja akapiga magoti, kisha mwingine. Diriye usingizi ukamchukua pale pale, kichwa juu ya gurudumu bovu. Timiro akaegemea ukuta wa hori, akisikiliza ndimi za waliobaki wamesimama zikikwaruza saruji, akingoja ziache. Hazikuacha. Alisinzia zikiendelea, akalala.