Waya wa Kufungulia

Kila asubuhi, chai ikishashuka tumboni, mzee alikuwa anaingia kwenye gari lake pale uani, anafunga mlango, anashika usukani kwa mikono miwili, kisha anaanza kumwita mkewe mwizi.

"Mama watoto! Ufunguo wangu umeuweka wapi? Mzigo unanisubiri!"

Mzigo haukuwapo. Alikuwa na miaka tisa tangu astaafu udereva, na kile kiwanda cha saruji alichokitumikia kilishafungwa, majani yameota hadi getini. Lakini akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Mwezi uliopita alichukua gari akapotea nalo. Walimpata siku ya pili yake, ameegesha mbele ya kiwanda hicho, suruali imelowa, midomo imekauka, anasubiri kupakiwa. Tangu siku hiyo ufunguo ukafichwa, na amani ya nyumba ikafichika nao.

Ndipo mama akampigia simu binti yao, aliyekuwa fundi umeme wa magari upande wa pili wa mji.

"Nasikia kuna rimoti za kuwashia gari mtu ukiwa mbali," mama alisema. "Njoo umwekee baba yako. Nikiwa jikoni nabonyeza, injini inanguruma, mwenzangu anajiona yuko safarini. Bila ufunguo haliendi, si ndiyo?"

"Haliendi. Usukani unabaki umekaza, na akikanyaga breki tu, injini inazimika."

"Basi. Na milango ijifunge."

Binti aliihamisha simu sikio la pili.

"Ukinyamaza nitakusemea," mama aliendelea. "Unaona vibaya kumfungia baba yako kama kuku kwenye tenga. Hata mimi naona vibaya. Lakini juzi nimesinzia nimesimama, mkono ukaangukia sufuria la moto. Wewe jioni unarudi kwako, mwanangu. Mimi ndiye nabaki naye. Nataka saa moja tu ya kulala, nikiamka nimkute pale pale nilipomwacha."

Maneno hayo yalimwingia binti mpaka kwenye mfupa. Jumamosi akaja na begi lake la vifaa.

Mzee alifurahi kuona gari lake limepata mtu. "Karibu, fundi," alisema, akampa mkono kama anavyopewa mgeni. Binti aliupokea. Hakumsahihisha. Alishajifunza kwamba ukimsahihisha mzee anaona aibu, na baada ya dakika tano jina limemtoka tena, aibu imebaki.

Alilala chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, akabandua kile kifuniko cha pembeni pale dereva anapowekea mguu. Nyuma yake nyaya zilijaa kama utumbo wa mbuzi. Alihitaji mbili tu, wa kufunga milango na wa kufungulia.

"Baba, bonyeza swichi ya mlangoni. Funga."

Mzee akabonyeza. Taa ya kupimia ikawaka kwenye waya wa kijani.

"Sasa fungua."

Ikawaka kwenye waya wa bluu.

"Hao ni mume na mke," mzee alisema, akainama kuchungulia. "Huyu anafunga, yule anafungua. Wakisema wote kwa pamoja, fyuzi inaungua."

Binti alicheka, na kucheka huko kukamuuma. Mtu ambaye hakujua kama amekula, bado alijua umeme wa gari lake. Akaendelea kuunga: kisanduku cha rimoti, nyaya za starta, ule wa breki, mwisho zile mbili za milango. Mzee alimshikia tochi bila kutikisika hata kidogo.

Ilibaki hatua moja. Vipini vya ndani vya kufungulia kwa vidole vilikwisha kung'oka zamani kwenye milango yote, kwa hiyo aliyeko ndani alitegemea ile swichi ya mlango wa dereva. Swichi hiyo ikikatwa waya wa kufungulia, gari litafunguka kwa rimoti peke yake. Binti alichukua koleo, akaushika ule wa bluu.

"Huo usiukate," mzee alisema.

"Kwa nini, baba?"

"Dereva atatokaje?"

"Na kama dereva mwenyewe hajui tena njia?"

Mzee alifikiri. Tochi ilimulika palepale. "Basi anyang'anywe ufunguo. Hiyo haki. Lakini mlango aachiwe."

Binti alibaki na koleo mkononi. Kupitia mlango wa jikoni alimwona mama yake, mkono umefungwa kitambaa, anaosha vyombo kwa mkono mmoja, kichwa kinaangukia kifuani na kuinuka, kinaangukia na kuinuka. Akamgeukia mzee.

"Nitauunga baadaye, baba," alidanganya, akakata.

Akazungusha tepu. Vioo vya nyuma akaviacha vimeshuka kidogo, hewa ipite.

Mzee aliketi kwenye kiti chake. Mama akaja na rimoti, akabonyeza kwa woga kama anayegusa chuma cha moto. Milango ikalia tak, yote kwa pamoja, na injini ikaitika. Uso wa mzee ulichanua. Alinyoosha mgongo, akatazama kioo cha pembeni, akainua kiganja kumsalimia dereva mwenzake asiyekuwapo.

"Mtazame," mama alinong'ona, akicheka na kulia kwa wakati mmoja. Akamkabidhi binti rimoti, akaingia ndani, na godoro likasikika likimpokea.

Haikupita robo saa. Mzee aligusa swichi ya mlangoni. Akaigusa tena, safari hii akiisikiliza. Hakupiga kelele wala hakumwita mtu mwizi. Aligonga kioo kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu.

Binti akasogea.

"Fundi," mzee alisema kupitia kioo, "swichi haifungui."

"Naona, baba."

"Usihangaike. Umeme ndivyo ulivyo, leo unakutii, kesho unakuaibisha. Mimi nina binti yangu, naye ni fundi. Mpigie simu. Mwambie baba yako amefungiwa kwenye gari. Atakuja mbio, yule. Hawezi kuniacha humu."

Binti alibonyeza rimoti. Milango ikafunguka, injini ikanyamaza. Mzee akashuka, akamshukuru, akaenda kuketi kwenye ngazi za baraza, uso kauelekeza getini.

Binti akarudi chini ya dashibodi. Alibandua tepu, akazimenya zile ncha mbili za waya wa bluu. Alikata moja fupi mno, ikabidi aongeze kipande cha waya kutoka kwenye begi. Akaunga, akafunga tepu, akajaribu swichi. Ikafungua.

Alipotoka, mama alikuwa amesimama mlangoni, alama ya mto bado shavuni.

"Umeunga tena."

"Nimeunga."

"Na mimi nitalala lini?"

"Sasa hivi. Rudi ukalale. Mimi nipo."

"Leo upo. Kesho?"

"Kesho nafunga kibanda changu cha ufundi saa sita, nakuja. Na kesho kutwa."

"Na mkate wako utaupata wapi?"

Binti alirudisha koleo kwenye begi. Mama akageuka, akaingia ndani polepole.

Binti akaketi ngazini kando ya mzee, mikono imejaa grisi. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Kila gari lililopita nje, mzee alinyoosha shingo kulitazama.

"Umempigia?"

"Nimempigia, baba. Yuko njiani."

Likapita gari jingine, halikusimama. Mzee akatikisa kichwa, akampigapiga bega fundi aliyekaa naye, kama anayemwombea msamaha kwa ajili ya mtu mwingine.

"Mvumilie," alisema. "Si kawaida yake kuchelewa."