Mshono wa Katikati

"Iachie tena kidogo, kaka," dereva wa lori alisema, akaiweka suruali yake ya kazi juu ya cherehani huku macho yake yakiwa mlangoni.

Kaka yake, fundi wa suruali za kiume, aliigeuza ndani nje. Mshono wa katikati, unaopita kati ya mapaja, ulikwisha kuachiwa upanuke zaidi ya mara moja, ilhali kiunoni suruali ilikuwa inampwaya. "Wenzako wananenepa tumbo," akamtania, "wewe unanenepea huku?" Mdogo wake alicheka kicheko kifupi, akajifanya anachagua vifungo.

Kuna adabu ambayo mafundi wa suruali hurithishana. Ukipima mguu kwa ndani, mteja hushika mwenyewe ncha ya futi kule juu, nawe unainama kwenye kisigino ukiongea habari za mpira. Huangalii, wala huulizi. Fundi alikuwa amejijengea jina kwa adabu hiyo. Kwa hiyo akafumua, akatia kipande cha kitambaa, akashona. Kazi ilitoka safi, hata akajisifu.

Haikupita miezi mingi, mdogo wake akaanza kukohoa damu, akalazwa.

"Uvimbe ulianzia kwenye korodani," daktari alimwambia fundi kwenye korido. "Huanza kama punje ya kunde, mgumu, na mara nyingi hauumi. Mwanamume akijipapasa wakati wa kuoga anaweza kuugundua. Angekuja mapema tungemtoa hiyo moja, akaishi na ya pili, na watoto bado angeweza kupata. Sasa umeshafika kwenye mapafu. Dawa tutampa, lakini sitaki kukudanganya."

Fundi aliingia wodini amefura kwa hasira. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye fundi alimbeba mgongoni wakati mama yao yuko sokoni, na leo alikuwa anamtangulia kaburini, kwa ugonjwa ambao ungetibika.

"Mtu mzima unaficha ugonjwa mpaka unafika huku," akasema. "Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani?" Mdogo wake aliongea kwa kukatakata, kifua kikimbana. "Shemeji yako? Ndoa yenyewe changa, na kila akitoka nje anaulizwa mtoto yuko wapi. Vijana wa kazini nao wangenipa jina la kuzikwa nalo. Hospitali nilifika mpaka getini, nikageuza."

"Na mimi je? Mimi si kaka yako?"

Mgonjwa alijivuta juu ya mto. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma fundi zaidi.

"Mtaani kwangu mafundi wamejaa tele, kaka. Nilikuwa navuka mji mzima kuja kwako. Kila nikija najiambia, huyu leo ataniuliza."

Hasira yote ikamwishia fundi, mahali pake pakaingia uchungu. Alilia palepale, mbele ya wagonjwa wengine na ndugu zao, wala hakujifuta.

Kisha akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na kitanda.

"Inakuuma wapi?" akauliza.

Mdogo wake alitupia jicho vitanda vya jirani. Akashusha sauti, akaanza kumweleza tangu siku ya kwanza.