Kimya Baada ya Wimbo wa Nne

Kila Jumamosi mchana Marseli aliosha gari, na sisi wa ng'ambo ya korongo tulipata muziki wa bure. Alikuwa dereva wa Landikruza ya abiria, Karatu kwenda Wasso na kurudi. Alirudi Ijumaa, akalala, kesho yake akaingiza gari uani, akafungua milango yote na buti, akawasha redio na spika zake mbili za besi. Watoto walicheza njiani. Mimi mwenyewe nilikaa kibarazani nikichambua maharage, na mguu wangu ulifuata ngoma. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

Mke wake ni Selina, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyefariki. Nimemlea tangu akiwa na miaka sita. Jumatatu moja alikuja kwangu amejifunga kitenge kichwani hadi mashavuni. Nilikifungua. Taya lilikuwa limehama upande, na aliongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Spana ya magurudumu," alisema. "Juzi, Jumamosi."

"Jumamosi tulikuwepo wote. Mbona hukupiga yowe?"

"Nilipiga, bibi. Nilipiga mpaka nikatema damu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gari lile lilioshwa kwa kelele kiasi kile.

Kwetu, yowe si jambo dogo. Likisikika, mwanamume huacha jembe, mwanamke huacha chungu motoni, wote mbio. Asiyekwenda hutozwa mbuzi na wazee. Anayelipiga kwa uongo naye hutozwa, na hatasahauliwa. Lakini bila yowe hakuna anayeingia uani kwa mtu kuamua ugomvi wa mume na mke. Marseli alizaliwa hapa, alijua hayo yote. Hakutuzuia kuja. Alituzuia kusikia.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, Josephati. Alinipa kiti chake mwenyewe, akakaa juu ya ndoo.

"Mama Natalia, nakuamini," alisema. "Ila nani alisikia? Nikivamia kwa mtu bila yowe, kesho mtu atavamia kwangu."

"Uso wake hukuuona?"

"Nimeuona. Marseli anasema ameangukia kizingiti."

Alimwita hata hivyo. Marseli alikuja na ndoo mbili za pombe, akapiga magoti, akaomba msamaha kwa sauti nzuri, wazee wakanywa. Josephati si mtu mbaya. Kuanzia siku ile alimtuma mkewe kumpelekea Selina maziwa kila asubuhi, kwa sababu taya halikuweza kutafuna. Lakini maziwa hayazuii spana.

Na Selina alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza Marseli aliitoa kwa teke ikiwa na mitano, na tulichozika kilienea ndani ya kikapu changu cha mayai. Kwa hii ya pili nilimwambia Selina asirudi kule. Alilala kwangu siku tatu. Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, Landikruza ilisimama nje ya uzio wangu ikiimba kwa nguvu zote, na Marseli akaingia. Alimkamata nywele. Mimi nilimkamata Selina mguu, nikang'ang'ania. Marseli alinitazama kwa utulivu, akaninyanyulia buti, akanikanyaga mkono. Vidole viwili havikunji mpaka leo.

"Akikimbia tena, bibi, nitamfuata popote," alisema, na ilibidi ainame sikioni kwangu ili nimsikie kwa ule muziki. "Hilo tumbo nitalipasua mbele yako."

Nilimwambia Selina twende kushtaki. Alikataa. "Atashikwa asubuhi, atatoka jioni. Jioni hiyohiyo atanimaliza. Nani atasema alisikia?"

Basi siku ya mnada nilishuka mjini, kwenye kibanda cha Obedi karibu na stendi. Obedi huwawekea madereva nyimbo kwenye flashi. Ana kompyuta moja, feni moja, na ubao wenye misumari, na kila msumari una flashi yenye jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta. Madereva wana flashi kwa kila kazi: ya wazungu ina nyimbo za polepole, ya abiria ina kwaya asubuhi na bongofleva jioni.

"Shikamoo bibi. Leo umekuja kuchukua singeli?"

"Marahaba. Singeli nitaichezea mgongo upi? Niambie, flashi ya Marseli ni ipi?"

Alinyoosha kidole. Zilikuwa mbili. Moja imeandikwa MARSELI WASSO, nyingine MARSELI KUOSHA.

"Hiyo ya kuosha ameniletea jana nimbadilishie nyimbo. Anaichukua Ijumaa akirudi."

"Naomba uzipunguze sauti, mwanangu."

Alicheka, si kwa dharau. "Haiwezekani, bibi. Sauti iko kwenye redio, mkononi mwake. Mimi ninachoweza ni mpangilio tu." Akanieleza kama mtu anayeipenda kazi yake. "Redio hizi hazisomi majina ya nyimbo. Zinasoma iliyoingia kwanza. Wengine humwaga nyimbo zote mara moja, basi gari linarukaruka kama mbuzi. Mimi nasafisha flashi kwanza, halafu naingiza moja, nangoja, naingiza ya pili. Na hii ya kuosha nimeifanyia ufundi zaidi. Alitaka isiwe na nafasi kati ya wimbo na wimbo, hata ya kumeza mate. Nimekata mikia ya nyimbo zote, moja inaisha juu ya nyingine. Sifa zangu zimefika mpaka Engaresero."

Nilimtazama. Kisha nikamwonyesha mkono wangu, nikamwambia kuhusu taya, na kikapu cha mayai, na kwa nini Marseli hakutaka nafasi kati ya nyimbo.

Obedi alizima feni. Mteja mmoja alikuja, akamwambia arudi baadaye.

"Mimi nilidhani anapenda raha," alisema mwishowe.

"Unaweza kuweka kimya?"

"Kimya?"

"Kati ya nyimbo zako. Kimya kirefu kama wimbo."

Alianza kutikisa kichwa, kisha akaacha. "Naweza kutengeneza wimbo usio na sauti. Redio itaonyesha jina na dakika zinakwenda, kama unacheza. Ila akijua, bibi, mimi ndiye atakayemuua wa pili."

"Najua."

"Anaanza kumpiga saa ngapi?"

"Selina anasema nyimbo mbili anaosha kweli. Wa tatu anamwita. Wa nne ndiyo yuko katikati."

Obedi aliandika kwenye karatasi, akavuta kiti. Aliingiza nyimbo nne, kisha dakika tano za kimya, kisha nyimbo nyingine. Alicheza zote mbele yangu ili ahakikishe. Nilipotoa kitambaa changu chenye fundo la pesa alikirudisha kifuani kwangu, akaninunulia chai na chapati, akanisindikiza mpaka kwenye gari la kupanda mlimani.

Alhamisi, Marseli akiwa Wasso, nilimpelekea Selina uji na maneno. "Ukisikia kimya, piga yowe. Hata kama amekushika, piga." Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba beseni la maji.

Jumamosi nilikwenda ukingoni mwa korongo na kikapu cha maharage, nikakaa chini. Sitonik, kijana anayechunga ng'ombe wa Josephati, aliniona peke yangu juani, akaja akanifunika bega kwa shuka lake, akarudi kwa ng'ombe. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nahesabu.

Wimbo wa kwanza. Wa pili. Niliona maji yakimeta juu ya gari. Wa tatu, Marseli aliweka ndoo chini na kuingia ndani. Wa nne ulipoanza walitoka wote wawili, yeye amemshika shingo kwa nyuma, na kutoka pale nilipokaa walionekana wadogo kama kidole. Halafu wakapotea upande wa pili wa gari. Besi ilikuwa ikipiga hadi kwenye kikapu changu. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza.

Kisha muziki ukakatika.

Watoto walisimama mguu mmoja juu. Ng'ombe wa Sitonik waliinua vichwa. Nilingoja yowe la Selina.

Halikuja. Kilichokuja kuvuka korongo kilikuwa kitu kingine, kizito, kama mtu anayetwanga nguo mbichi juu ya jiwe. Kikaja tena. Marseli hakuwa ameacha. Pengine hata hakujua kuwa muziki umekwisha, masikio yake yalikuwa bado yamejaa. Nilisikia chuma kikigusa chuma, na mara moja tu sauti ya Selina, si yowe, ni pumzi inayotolewa na pigo.

Sikuwa nimesikia yowe. Kwa desturi yetu sikuwa na haki ya kulipiga. Nilisimama, maharage yakamwagika, nikalipiga.

Nina miaka sabini na moja, sikujua kifua changu bado kina sauti ile. Sitonik alilipokea kabla sijavuta pumzi ya pili. Wanawake kisimani wakalipokea, na wavunaji mbaazi, na juu zaidi huko kwenye ngano, hadi mlima mzima ukawa unalia. Nikaona watu wakishuka kila upande, wenye mipini ya majembe, wenye mawe, mmoja na mwiko wa ugali. Sitonik alivuka korongo mbio na fimbo yake. Mimi niliteremka kwa makalio, nikapanda kwa magoti.

Nilipofika, Selina alikuwa nusu chini ya gari. Alikuwa amejikunja, mgongo nje, tumbo ndani, na mgongo ule ndio aliokuwa amempa Marseli apige. Gauni lilikuwa limeshikana na nyama. Matope ya maji ya kuoshea yalikuwa mekundu. Ndiyo maana hakupiga yowe: mdomoni alikuwa amesokomezwa tambara la kufutia kioo. Nililitoa, likatoka na jino.

"Sikuweza, bibi," alisema.

"Nyamaza."

Marseli alikuwa na spana mkononi bado. Pigo la kwanza lilimpata Sitonik, nikasikia mfupa wa mkono ukivunjika kama kuni kavu. Hakupata nafasi ya pili. Walimwangukia kumi, kisha ishirini. Mpini wa jembe ulimpata gotini akaenda chini. Jiwe lilimfungua paji la uso. Wale waliokunywa pombe yake walipiga kuliko wengine, na Josephati, mtu mpole, alikuwa mbele na mpini wake, akilia machozi huku akipiga.

Ndipo zile dakika tano zilipokwisha.

Wimbo wa tano ulilipuka kutoka kwenye buti la gari. Ulikuwa wimbo wa harusi. Niliona Marseli akifungua kinywa, niliona meno na ulimi, sikusikia kitu. Alikuwa akisema neno lilelile tena na tena, na hakuna aliyekuwa akilisikia. Walipiga kwa kufuata ngoma. Nadhani hawakujua kuwa wanaifuata.

Nitasema kweli. Sikuinuka mara moja. Nilikaa na kichwa cha Selina mapajani nikatazama, na moyo wangu ulisema, acha aimbiwe.

Halafu niliona mtoto wa miaka minne au mitano mlangoni mwa uzio, anatazama na kutikisa kichwa kwa wimbo, kama kila Jumamosi.

Nilimlaza Selina juu ya shuka la Sitonik, nikaingia kwenye gari. Sikujua kitufe cha kuzima. Kulikuwa na taa nyingi na namba zinazokimbia, na damu yangu au ya mtu ikateleza kwenye kioo. Nikaiona flashi imechomeka. Niliivuta kwa vidole vitatu vinavyokunja.

"Nakufa," ilisema sauti ya Marseli. "Jamani, nakufa. Mama, nakufa."

Mpini wa Josephati ulibaki juu. Alimtazama aliyekuwa chini kana kwamba amemkuta tu njiani. Mmoja mmoja mikono ikashuka. Mwanamke mmoja alikaa kwenye ndoo iliyopinduka akaanza kutapika.

"Mfungeni," alisema Josephati. "Apelekwe akiwa hai. Mimi nitakuwa wa kwanza kusema nilichokuta hapa."

Sitonik, mkono wake ukining'inia, alitumia mwingine kuvuta kamba ya ng'ombe kiunoni na kumpa.

Trekta la Josephati ndilo lililotushusha hospitalini, Selina kwenye tela juu ya magunia ya mbaazi. Wanawake walimzunguka, wakainua kanga zao juu yake kuzuia jua, mikono imenyooshwa njia nzima bila hata mmoja kushusha. Obedi tulimkuta njiani anapanda mlima kwa miguu, amefunga kibanda, hajui aendako atakuta nini. Alirukia tela akashika miguu ya Selina isigongwe.

Nilikuwa nimeweka kiganja changu juu ya tumbo. Lilikuwa gumu na limetulia mno. Hakuna aliyeniuliza. Tulipita kanisa, tukapita mashine ya kusaga, na bado lilikuwa limetulia, na Selina alikuwa akinitazama usoni asome nisichotaka kusema. Kwenye mteremko wa mwisho kitu kidogo kilinisukuma kiganja, kikaacha, kikasukuma tena kwa hasira.

"Mwambieni dereva apunguze mwendo," nilisema. "Kuna mashimo mbele."