Udongo wa Kaburi la Akile

Ulitazama baharini. Usikatae, ulionekana. Wabebaji wa vikapu vya udongo walipopita mlangoni kwako kwenda shambani kwa mjane Arignota, uligeuka ghafla kuchunguza mawingu, kana kwamba una meli safarini. Huna meli.

Kila mwaka mvua zikiisha, kaburi la Akile, shujaa wa kale, lililo kilima cha udongo, huwa limemomonyoka upande wa baharini, na mji wetu wa Akileioni, unaokula kwa kaburi hilo, hulijaza upya. Mabaharia wasipoliona kwa mbali hawatii nanga, na wasipotia nanga hakuna sadaka. Sheria unaijua: shujaa hafunikwi kwa udongo ulioguswa na chuma cha jembe karibuni. Matajiri wana ng'ombe na watumwa, mashamba yao hulimwa mpaka ukutani. Nani basi hubaki na kipande kisicholimwa? Mgonjwa. Mjane. Aliyeuza ng'ombe wake akaona aibu kuomba wa jirani. Shamba la jirani yetu Lamaksi, kabla hajaugua, lilikuwa na shayiri ya kumfika mtu kiunoni. Leo lina mijusi. Shayiri ile imepanda kilimani pamoja na udongo wake, iko juu ya Akile.

Arignota alikuwa na kipande kidogo chini ya mpeasi mwitu. Hakukilima kwa sababu humo alimlaza bintiye, ndani ya mtungi, kama tunavyowazika wote wanaokufa kabla ya kuota meno: bila jiwe, bila matanga, bila jina la kuitwa. Kila msimu alipolima na kufika pale, alizunguka, akaliacha jembe likipumzika. Mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Alivyozidi kukihifadhi, ndivyo kilivyozidi kumfaa shujaa.

Kleanaksi, msimamizi wa kaburi, alifika na wabebaji wake akachokoa ardhi kwa fimbo.

"Una bahati, bibi. Shujaa amekuchagua."

"Hapo kuna mwanangu, mzee."

"Jiwe liko wapi?"

"Tangu lini mtoto wa mtungi akawekewa jiwe?"

"Basi lete shahidi."

Arignota akamnyoshea kidole Mika, mkunga, aliyekuwa kati ya watazamaji, ambaye ndiye aliyelichimba shimo lile kwa mikono yake. Mika akamwangalia mumewe, ambaye alikuwa miongoni mwa wabebaji, kikapu mgongoni. Kisha akasema amezika wengi, uzee umemla kichwa, hakumbuki. Mbebaji mmoja akacheka: "Mika huyu anayekumbuka nani alikuja harusini kwake mikono mitupu?" Wengine wakacheka naye. Kicheko kikaishia hapo hapo, hakikumsaidia mtu. Na kwa kuwa udongo wa shujaa hauchukuliwi jua likishavuka utosi, Kleanaksi akasema watarudi asubuhi.

Njia ilibaki moja, nayo ilikuwa chungu: kukigusa kipande kile kwa chuma, kisimfae tena Akile. Arignota alimwendea Heraio, ndugu wa marehemu mumewe, kumwomba tu amshikie jembe, maana mkono wake mwenyewe ulikuwa unakataa. Heraio hakumkaribisha hata kuketi. "Shemeji, nikionekana huko, kesho watakuja kwangu," alisema. "Nielewe." Alimwelewa. Sote hueleweka.

Alfajiri akaenda peke yake. Alikusudia kuparua juu juu tu, kama mtu anayemkuna mtoto mgongo. Ila mvua zilezile zilizolimomonyoa kaburi kubwa zilikuwa zimelimomonyoa na hili dogo, na mtungi haukuwa tena kwenye kina alichokikumbuka. Jembe likatua. Ukasikika mlio mkavu wa chungu kikipasuka. Arignota akalitupa jembe, akapiga magoti, akafunika ufa kwa kiganja udongo usiingie.

Kleanaksi alimkuta hivyo. Aliangalia ardhi iliyoparuliwa, akaangalia mtungi, akarudi nyuma akijifunika pua kwa nguo.

"Umefukua maiti."

"Jana ulisema hakuna maiti."

"Jana hukuwa na shahidi. Leo una mtungi."

Papo hapo akamtangaza najisi. Asiguse kisima, asipewe moto na nyumba yoyote, asisemeshwe. Wazee wakutane leo, wamfukuze ng'ambo ya kilima, na shamba lake liwe mali ya kaburi. Wote waliokuwepo walisikia. Mika alisikia. Heraio alisikia akiwa nyuma ya ukuta wake.

Wazee wameketi sasa hivi, wewe ukisoma haya. Arignota yungali pale chini ya mpeasi, mkono juu ya ufa, midomo imekauka, na watu wanapita mbali kwa kuzunguka. Basi acha hicho unachokishika. Teka maji umpelekee, umnyweshe kwa mkono wako, wakuone. Ukitoka hapo nenda barazani useme ulimwona Mika akichimba shimo lile, maana ulimwona. Na wewe Mika, toka ndani. Nendeni sasa, kura hazijapigwa.