Waliomo Daftarini

"Sikuombi kilo, Katibu. Nakuomba kijiko kimoja."

"Kilo ni sukari na kijiko ni sukari. Mwanao anaumwa nini, Mwalimu?"

"Unajua anaumwa nini."

"Sema wewe, hawa wote wasikie."

"Kisukari," alisema Jenoveva.

"Basi." Mbaraka, katibu wa kijiji, akaweka kiganja juu ya mdomo wa gunia, kama mtu anayemzuia mbuzi asile mbegu.

Walikuwa wakibishana tangu duka la ushirika lilipofunguliwa, na foleni nyuma ya Jenoveva ilikuwa imefika barabarani. Ilikuwa saa saba kasorobo mchana. Watu walitoka moja kwa moja shamba la kijiji, majembe mabegani, miguu imejaa udongo mwekundu. Sukari ilikuwa haijaonekana hapo kwa miezi miwili, na kazi ilisimamishwa ili kila kaya ipokee sehemu yake. Chakula cha pamoja kilikuwa bado. Chakula kilitolewa kazi ikiisha, na kazi ilikuwa haijaisha.

Secilia, mtoto wa Jenoveva, alikaa kwenye ngazi ya duka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alfajiri mama yake alichemsha bomba la sindano la kioo, akatoa chupa ya dawa ndani ya mtungi wa maji ilimohifadhiwa isiharibike, akamchoma pajani. Mtoto alikunywa kikombe cha uji, akaenda kulima na wenzake tangu saa moja. Sasa shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na upepo uliokuwa ukishuka kutoka msituni ulikuwa wa baridi.

"Dawa inashusha sukari mwilini," alisema Jenoveva. "Ikishuka mno na mtoto hajala, anazimika. Hapo anatakiwa apewe sukari, na apewe upesi. Nesi wa Lushoto amenieleza mara tatu."

"Kaka yangu Athumani, naye wa kisukari, alifia Mombo, kikombe cha chai mkononi. Chai ya vijiko vinne. Nilimwosha mimi mwenyewe. Kusoma ulinifundisha, Mwalimu, nashukuru. Hili usinifundishe."

Ni kweli alimfundisha. Jenoveva ndiye aliyeendesha darasa la watu wazima jioni, na Mbaraka alikuwa mwanafunzi wake bora. Alimfundisha kwamba neno likikosewa halikorogwi kwa wino. Unaweka rula, unapiga mstari mmoja, unaendelea. Katika daftari la kijiji lililokuwa wazi mezani, kwenye safu ya sukari, mbele ya jina la Secilia, palikuwa na mstari wa namna hiyo. Ulikuwa umenyooka vizuri.

"Ningempa ningekuwa simpendi," alisema Mbaraka.

Secilia akapiga mwayo mrefu.

Rehema, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, aliuona. "Mwalimu, mtoto ameanza," alisema. Hakumsogelea. Aliitua ndoo yake kutoka kichwani, akaiweka mahali palipo sawa. Kisha akageukia barabarani na kupaza sauti. "Gongeni ringi!"

Shuleni ilikuwa imening'inizwa ringi ya gurudumu la lori kuwa kengele, na mtu akaanza kuigonga. Mlimani kote wanawake wakaepua vyungu. Waliokuwa juu ya miti wakashuka. Waliobeba watoto wakakaa chini.

Kwa mwaka mmoja sasa, kila Secilia alipozimika, kijiji kizima kilizimika naye. Aliyeanguka ni yeye peke yake. Wengine walisimama tu kama walivyokuwa, macho wazi, mguu mmoja mbele au kijiko njiani kuelekea mdomoni, na hawakujua lolote mpaka alipoamka. Mwanzoni walidhani saa zao ni mbovu. Omari, dereva wa lori la kabichi, ndiye aliyewaeleza. Alikuwa amewasubiri wamalize kupakia, wakawa hawamalizi, akala ndizi zake zote akalala chini ya lori.

Kamati ya kijiji ililichunguza jambo hilo kama ilivyochunguza ugonjwa wa kabichi. Ikaonekana halihusu mahali. Mzee Saidi alikuwa stendi ya Mombo siku moja, tiketi mkononi, na basi likamwacha amesimama. Halikuhusu damu wala dini. Lilihusu daftari. Kila aliyeandikwa humo alizimika, na asiyeandikwa hakuzimika. Walijaribu kulifuta jina la Secilia mwenyewe, haikusaidia. Yaliyohusika yalikuwa majina yao. Wakamrudisha, kwa sababu palizi ilikuwa imeanza na mikono ilihitajika. Salma, aliyefutwa alipoolewa kijiji cha Mlola, alikuja kusalimia wazazi akawakuta wamesimama. Alizunguka katikati yao saa mbili akiwafunga midomo isiingie nzi.

Mtoto mdogo wa Mwajuma, ambaye alikuwa bado hajaandikwa, alitambaa siku hiyohiyo mpaka darajani. Salma ndiye aliyemdaka. Kamati ikakutana upesi, ikaagiza watoto wote waandikwe daftarini siku ya kuzaliwa, ili nao wazimike.

Kila mara muda ulikuwa mrefu zaidi. Mara ya kwanza ugali uliungua. Mara ya mwisho walisimama asubuhi, wakazinduka alasiri, vivuli vimehamia upande wa pili. Hakuna ajuaye la kumfanyia mtoto aliyekuwa macho, hata mama yake, ambaye mara zote alizinduka amepiga magoti kando yake, mkono mtupu umenyooshwa. Secilia alirudi kwa nguvu zake mwenyewe. Nesi alisema ipo siku hatarudi. Jenoveva aliuliza kwenye mkutano kijiji kitakuwaje siku hiyo. Swali lake liliandikwa chini ya Mengineyo, na muda ukawa umekwisha.

"Mama," alisema Secilia pale ngazini. Alikuwa ameshika jembe lake kichwa chini. "Mama, hawa watu mbona ni wawili wawili?"

Jenoveva aliruka juu ya meza. Alilifikia gunia kwa ncha za vidole, na Mbaraka akalivuta nyuma. Wanaume wawili wakamshika mikono.

"Samahani sana, Mwalimu," alisema mmoja.

"Mnaniulia mtoto!"

"Tunamwokoa," alisema Mbaraka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Kesho utanishukuru."

"Mpe maji, mama," alisema Bibi Mwanaisha kutoka kwenye foleni. "Sukari huoshwa kwa maji."

"Shikamoo, bibi, lakini nyamaza."

"Marahaba," alisema Bibi Mwanaisha, akanyamaza.

Ringi iliendelea kulia. Jenoveva alimtazama mwanawe. Midomo ilikuwa imepauka, na kidole kimoja kilikuwa kikicheza chenyewe juu ya goti. Alijua kinachofuata. Ataponyoka mikononi mwa hawa wanaume, atapiga magoti kando ya mtoto, na atabaki hapo, mkono umenyooshwa, mpaka mtoto arudi au asirudi.

Aliacha kuvutana nao. Wakamwachia.

"Katibu," alisema. "Nipe rula."

Aliisema kwa sauti ya darasani, na Mbaraka akampa rula kabla hajafikiri. Akampa na kalamu, kwa sababu darasani walikuwa wakipeana vyote viwili.

Jenoveva alilivuta daftari, akashuka na kidole mpaka kwenye kaya yake. Mbaraka aliona kidole kiliposimama.

"Mwalimu. Hilo si jina la Secilia."

"Najua kusoma."

"Shamba litarudi kijijini. Na nyumba. Mkutano wa kuandika majina ni Januari, na sijui kama watakubali. Utalala wapi?"

"Shika upande ule, karatasi isikunjike."

Mbaraka alishika kwa mkono mmoja, wa pili ukabaki kwenye gunia. Jenoveva aliweka rula chini ya jina lake mwenyewe, akaipandisha kidogo, akapiga mstari kutoka herufi ya kwanza mpaka mwisho wa ukurasa, kupita safu ya kazi, safu ya shamba, safu ya khanga na safu ya sukari. Wino ulikuwa bado unang'aa Secilia alipolala upande, taratibu, kichwa kikagonga ubao wa ngazi.

"Mgonjwa wa sukari," alisema Mbaraka, "hapewi—"

Ringi ilinyamaza. Foleni ilinyamaza. Kilichosikika ni kijito cha bondeni na mbuzi mmoja aliyekuwa akila mpini wa jembe la mtu.

Jenoveva alizunguka meza. Alivinyanyua vidole vya Mbaraka kimoja kimoja kutoka kwenye gunia. Vilikuwa na joto. Alichota sukari kwa kiganja, akatoka mbio, akamgeuza mtoto ubavu kama nesi alivyomwonyesha. Alilowesha kidole kwa mate, akakichovya kwenye sukari, akakisugua ndani ya shavu, juu ya ufizi. Akachovya tena. Akasugua tena.

"Rudi," alisema. "Secilia, rudi hapa. Sina nyumba ya kukulaza."

Mtoto hakusogea. Jenoveva hakuwahi kuwaona watu wa kijiji chake katika hali hiyo, na hakuwatazama sana. Chozi la Mbaraka lilikuwa limesimama katikati ya shavu. Bibi Mwanaisha alikuwa amefumba kinywa kama alivyoambiwa. Nzi alikuja akatua juu ya mdomo wa Mbaraka uliokuwa wazi. Jenoveva alinyanyuka, akamfukuza nzi, na kwa kuwa alikuwa hapo tayari, alichota sukari viganja vitatu akaifunga kwenye pindo la khanga. Kisha alivirudisha vidole vya Mbaraka pale vilipokuwa, akarudi ngazini.

Kwa kidole cha tisa au cha kumi, Secilia alimeza. Akameza tena. Akakunja uso kama mtu aliyeamshwa mapema, akafungua jicho moja.

"Tamu," alisema.

"—sukari," alisema Mbaraka.

Ringi ikamalizia pigo lake. Chozi likashuka. Watu kwenye foleni wakabadilisha miguu, wakatazama jua, wakaona halikusogea sana. Rehema akaibeba ndoo yake.

Mbaraka aliinama mezani akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amekaa, rangi imeanza kumrudia. Akashusha pumzi. Alikausha mstari wa Jenoveva kwa karatasi ya kufyonza wino, akaandika pembeni kwa mwandiko mzuri: *amehama*.

"Umeona sasa, Mwalimu?" alisema kwa upole. "Ameamka mapema kuliko siku zote, na hakupewa hata punje."

Jenoveva alipangusa kidole kwenye khanga, akambeba mwanawe mgongoni, akashika barabara ya Mlola.

"Anayefuata," alisema Mbaraka.