Bunduki ya Mkono Mmoja

Trent, mtoto wa kaka yangu, alisubiri mpaka nimejaza keki mdomoni ndipo akalitoa neno lake. Ananijua. Angeanza mdomo ukiwa mtupu asingefika hata nusu.

"Shangazi," akasema, "mimi sipandi tena shamba la kulisha nguruwe."

Tulikuwa kwenye ukumbi wa dhumna wa Harlow Creek, ambako kila asubuhi nusu ya wilaya hunywa kahawa na nusu nyingine husengenywa. Kete zikalazwa mezani. Wazee wakajifanya wanatazama dirishani, na dirisha lile lina vumbi la miaka, hata trekta likipita nje hulioni.

Alilosema lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliniuma. Msimu uliopita tulipanda karanga mara mbili, na mara zote mbili nguruwe pori waliingia alfajiri, wakafuata mstari baada ya mstari, wakafukua mbegu mojamoja kana kwamba wameajiriwa. Mimi nilikuwepo, na bunduki ya marehemu mume wangu mkononi, ile ya kuvuta komeo kila baada ya risasi. Komeo liko kulia. Mkono wangu wa kulia uliliwa na mashine ya kuvunia karanga zamani, kikabaki kigutu chini kidogo ya kiwiko. Nikishapiga mmoja, mpaka niibane bunduki magotini nivute komeo kwa kushoto, wenzake wamekwisha vuka ua.

Trent akatandaza karatasi juu ya kete. Kampuni moja ya helikopta ilitaka kukodi shamba langu. Ingeleta watu wa mjini wanaolipa ili wapige nguruwe kutoka angani. Mageti yangefungwa kwa makufuli ya kampuni, na mimi ningekuwa nabisha hodi kwenye shamba nililozaliwa.

"Unatia sahihi, unapumzika," akasema.

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Shangazi, una mkono mmoja na bunduki ya makumbusho. Siku jike la nguruwe likikugeukia, tutakuzika sisi."

Sikupenda lakini niliona macho yake. Alikuwa anaogopa kweli, yule kijana, wala hakuwa na tamaa tu. Ila kuogopewa nako kunachosha. Nikafuta midomo, nikamwambia apande mara moja tu ya mwisho, nami nitatafuta bunduki ya kujikoki, ile ambayo ukifyatua inatema ganda na kuingiza risasi nyingine yenyewe. Nguruwe wakila mbegu, nitatia sahihi.

"Na iwe ya kuaminika," Trent akasema. "Isiwe ya kukwama mbele ya jike. Ukumbi huu ndio utakaoamua kama inaaminika."

"Ukumbi huu? Hawa hawawezi kuamua hata nani kashinda mchezo."

"Haya basi," wakasema wazee, kwa furaha isiyofichika, maana walikuwa wamepewa la kufanya mpaka kiangazi.

Kazi ikaanza papo hapo. Kununua au kuunda? Pale kwetu swali hilo limevunja urafiki mwingi kuliko siasa. Garland, mwenye duka la bunduki, alisema nunua. Kiwandani wana mashine, wana wakaguzi, na ikiharibika unairudisha. Odell Pruitt alisema unda, nunua vipande kimoja kimoja, uviunganishe mwenyewe, ujue kilichomo. Odell ameunda bunduki nyingi kuliko watoto aliozaa, na anazitaja kwa upendo zaidi.

"Zangu hazijawahi kukwama," akasema. "Hata mara moja."

Husema hivyo kila siku. Wote husema hivyo. Nimewaona kwa macho yangu kwenye uwanja wa shabaha, bunduki imenyamaza katikati ya zamu, na mtu anaitazama risasi kwa chuki na kusema, "Risasi za siku hizi ovyo." Ndiyo desturi yetu. Kosa ni la risasi, au la baridi, au la vumbi. La aliyeunda, kamwe.

Nilianza na Garland kwa sababu ndiye aliye karibu. Akanipa bunduki nzuri, nyepesi, nikapiga nayo nyuma ya duka mpaka makopo yakaisha. Ilikuwa tamu. Garland akaanza kutabasamu kama mtu aliyekwisha uza.

"Sasa nitilie risasi mbovu katikati," nikamwambia. "Usiniambie ni ya ngapi."

"Ya nini, Verlene?"

"Wewe tia."

Akatia. Bunduki ikanyamaza. Kwenye bunduki ile, kuitoa risasi iliyolala ni lazima uvute mpini ulio nyuma kabisa, juu ya kitako, huku mkono mwingine umeishika. Nikajaribu kuibana kwapani. Nikajaribu kwa mkanda wa suruali. Nikajaribu kwa meno, mtutu umeelekea kwenye kichuguu cha mchanga, na Garland akageuza uso kama mwanamume aliyeingia chumba asichopaswa kuingia.

"Bunduki nzuri sana," nikamwambia nikimrudishia. "Ya watu wenye mikono miwili."

Odell alikuwa ameegemea mlango, anacheka peke yake. "Nilikuambia. Nitakuundia mimi. Naweka mpini ubavuni, unauvuta kwa chochote."

"Ubavuni nimekubali. Kuniundia, hapana."

"Kwa nini, mama wee? Sikutozi kitu!"

"Siku ikikwama shambani, na jike liko hapa na mimi niko hapa, nikupigie simu wewe?"

Akaacha kucheka, akanipisha mlangoni. Kwa Odell hilo si jambo dogo.

Kipande chenye namba, ambacho sheria huhesabu kuwa ndicho bunduki yenyewe, nilikinunua kwa Garland nikasubiri serikali inichunguze kama kila mtu. Vilivyobaki vilikuja kwa posta, vikajaa mezani jikoni pamoja na unga na vikombe. Nilifunga jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, pembeni mwa meza, likawa ndilo mkono wangu wa kulia. Watu wa ukumbi wakaanza kuwa na shida za ajabu. Huyu amekuja kuazima mayai, huyu kuuliza habari za mbwa, na wote shingo ndefu kuelekea jikoni.

Kuna springi moja, nyembamba kama sindano, ambayo kila aliyewahi kuunda bunduki ya aina hii ameipoteza. Unaibana ndani ya tundu, unaifunika kwa pini, kidole kikiteleza kidogo tu inaruka, na huioni tena mpaka siku ya kuhama nyumba. Ukumbi mzima ulikuwa umeshakubaliana kwamba hapo ndipo nitakaposhindwa. Na kweli, ya kwanza iliruka ikaenda nyuma ya friji. Ya pili ilimpiga mbwa. Siku hiyo nilitukana mpaka nikaona haya mbele ya picha ya mume wangu.

Odell alikuwepo, kaja na mayai yake mwenyewe safari hii.

"Lete nikushikie kidogo tu," akasema. "Hapa tu, kwa kidole."

"Kalia mikono yako, Odell."

"Verlene..."

"Ikalie!"

Akaikalia. Nikamwaga mkate uliobaki kwenye sahani, nikachukua ule mfuko wake wa nailoni unaoonyesha ndani, nikaingiza humo kile kipande chenye namba, springi, pini na mkono wangu, nikakaza mdomo wa mfuko kwa kigutu. Springi iliruka tena, ikagonga nailoni, ikaanguka palepale pamoja na chembe za mkate. Nikaiokota nikarudia, na ikaruka, na nikarudia. Ilipokaa mahali pake, Odell alitoa pumzi kuliko mimi.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "na mifuko ya mkate iko kila mahali."

Siku ya kwanza ya kuijaribu, nusu ya ukumbi ilikuwa nyuma ya duka la Garland. Nikapiga vizuri kidogo, kisha ikakwama. Hakukuwa na risasi mbovu. Ilikwama tu.

"Risasi," Odell akasema haraka, kwa wema. "Hizo risasi mimi sizipendi."

"Boksi hilo lina unyevu," Garland akasema, na boksi ni la kwake.

Nikaifungua pale pale. Bomba dogo linalorudisha gesi ya kuikoki halikukaa sawa, lilikuwa limepinda upande kidogo, na aliyelifunga ni mimi.

"Risasi hazina kosa," nikasema. "Nimekosea mimi."

Wakanitazama kana kwamba nimevua nguo kanisani. Mzee mmoja akavaa kofia akaenda zake. Mimi nikarudi nyumbani nikalinyoosha, nikarudi kesho yake, na keshokutwa, nikapiga bila kuisafisha, imejaa masizi na mchanga, kwa sababu shambani hakuna kitambaa. Nikamwomba Garland aendelee kunichomekea risasi mbovu kwa siri. Kila ilipolala nilitia mpini kwenye kisigino cha buti, nikasukuma mguu, ikalia, nikaendelea. Mwishoni kisigino kilikuwa kinajua kazi yake bila mimi kukiambia.

Trent alipanda mwezi wa tano. Alipanda vizuri, sina la kumlaumu, mistari imenyooka kama nywele zilizochanwa. Aliposhuka kwenye trekta akasema angekuja kulala kwangu ili tulinde pamoja, nami nikamwambia kitanda cha wageni kina mbwa.

Walikuja kabla jua halijatoka, mwanga ukitosha kutofautisha mgongo na udongo. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya nguzo ya geti, mtutu umelala juu ya kigutu. Jike kubwa lilitangulia. Likaingia mstari wa kwanza, likaweka pua chini, na nikasikia linatafuna. Mbegu yangu ile. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, nikailaza kwanza, kisha nikapiga.

Wa pembeni yake akaanguka. Nikapiga tena, wa pili akaanguka. Nikafyatua mara ya tatu na bunduki ikanyamaza.

Jike halikukimbia. Hao majike wenye watoto hawakimbii, huja. Liligeuka likashuka kwenye ule mstari kwa kishindo, na mimi sikuwa na nafasi ya kuogopa, niliogopa baadaye. Mguu ulikwisha panda wenyewe. Mpini kwenye kisigino, sukuma, ganda lililonasa likaruka, risasi ikaingia. Nilipopiga, lilianguka likateleza na vumbi lake mpaka karibu na ndoo. Wengine wakatawanyika kuelekea kwenye ua nami nikawafuata kwa risasi, bunduki ikilia bila kusita, mpaka hakuna kilichobaki cha kupiga.

Hakuna aliyeniona. Trent alifika na gari akiwa bado na soksi tofauti, akakuta nguruwe wamelala na mistari yake iko salama isipokuwa kipande kifupi. Akazunguka, akatazama, akasema "Shangazi" mara kadhaa bila kuendelea.

Asubuhi hiyohiyo ukumbi ulijaa hata waliofutiwa uanachama. Odell akanivutia kiti. Karatasi ya kampuni ilikuwa mezani, Trent kaileta, na sikumlaumu, yalikuwa makubaliano.

"Mbegu ziko salama, hilo limekwisha," akasema. "Limebaki moja. Shangazi, ilikwama?"

Odell alinitazama. Garland alinitazama. Neno lilikuwa tayari, ukumbi mzima ulikuwa umenishikia: hata mara moja. Wamelisema wote kwenye viti hivyohivyo, na hakuna ambaye angeniuliza zaidi.

"Ilikwama," nikasema. "Jike likiwa linakuja. Nikaikwamua kwa kisigino. Na hiyo karatasi sitii sahihi, ichane ufungie keki."

"Lakini tulisema ya kuaminika!" Trent alisimama, sauti imempanda. "Imekwama mbele ya jike! Nilisema hivyohivyo! Wazee, amueni nyinyi. Bunduki inayokwama inaaminika?"

Mtu akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Kisha Odell Pruitt, mwenye bunduki nyingi kuliko watoto, akaweka kete zake chini kifudifudi na kusimama kama anayekwenda kutoa ushuhuda.

"Zangu hukwama," akasema.

"Zipi?" Garland akauliza.

"Zote. Ya Verlene angalau inakwamuka."

Mtu wa meza ya nyuma akakohoa, akasema yake ilikwama Jumamosi, na risasi zilikuwa nzuri tu. Mwingine akasema yake hukwama kila baridi, na huwa anampa mkwe wake. Garland akashika kichwa, akasema hata ile aliyonipa kwanza iliwahi kumkwamia, naye ana mikono miwili na ilimchukua muda mrefu kuliko mimi na meno yangu.

"Mwaka hadi mwaka mmekuwa mnanidanganya?" Trent akauliza.

"Wewe tu?" Odell akasema. "Hata wake zetu."

Trent akakaa. Alinitazama muda, si usoni, kigutuni, ambako huwa anaogopa kutazama.

"Jike lilikuwa mbali kiasi gani?"

"Kama wewe na birika hilo."

Akalitazama birika. Akaichukua karatasi, akaikunja, akaikunja tena, akaitia chini ya mguu wa meza unaotikisika.

"Kwa kisigino," akasema.

"Kwa kisigino."

"Nionyeshe."

Nikasukuma kiti nyuma nikapandisha buti juu ya meza, na kete za wazee zikarukaruka mpaka sakafuni.